Mbuzi ya nazi: nani aliipa jina hilo? (Na majina ya vitu vyengine vya majumbani)

#1 BibiKikwajuni
Assalamu alaykum. Jana mjukuu wangu wa miaka sita alinikuta jikoni nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi ya wali. Akasimama mlangoni kimya, kisha akauliza: "Bibi, mbuzi mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia ndiyo hii. Akataka nimuoneshe kichwa, akataka mkia, akauliza kwa nini inakula nazi na haili majani. Nimekuna nazi zaidi ya miaka arubaini na swali hilo halijanipitia kichwani hata siku moja.

Kwa vijana mnaotia nazi kwenye blenda: ni kibao cha kukalia, miguu yake imepishana na inakunjwa, mbele kimechomoza chuma chenye meno. Unakaa, unashika kifuu kwa mikono miwili, unakuna, nazi inaanguka kwenye sinia. Yangu ameniachia mama, naye aliachiwa na mama yake. Nataka mtoto nimpe jibu la kweli. Kwa nini mbuzi?

#2 NahodhaNungwi
Waalaykum salaam bi mkubwa. Hilo jepesi. Ina miguu minne, ina mgongo, ina shingo na kichwa vimetangulia mbele. Iache uani magharibi ikiingia, ukiitazama kwa mbali utadhani mbuzi kalala. Ni umbo tu.

#3 Yakhe_Wete
Umbo? Yakhe, ng'ombe naye ana miguu minne na shingo. Punda pia, na punda ndiye anayekaliwa mgongoni. Mbuzi nani kamkalia? Ingekuwa umbo, tungesema punda ya nazi.

#4 MwanaMvita
Hata huku Mombasa twaiita mbuzi, na Lamu vilevile. Mamangu husema ni kwa sababu ya kutafuna. Chochote umpacho mbuzi akitafuna, na hiyo nayo haibakishi kitu kwenye kifuu.

#5 MfugajiDole
Mwana Mvita umekaribia, ngoja nikusogeze. Mimi nafuga. Mfungue mbuzi mdomo umtazame meno ya mbele: yako chini peke yake, manane. Juu hana hata moja, ana ufizi mgumu tu. Jani hulibana baina ya meno ya chini na ule ufizi, kisha hulivuta kwa kichwa. Sasa itazameni mbuzi ya nazi. Safu moja ya meno, na nazi inakuja juu yake. Aliyeipa jina alikuwa mfugaji na alikuwa na macho.

#6 Yakhe_Wete
#5 maneno mazuri, ila ng'ombe naye hana meno ya juu ya mbele. Na kondoo. Bado hujanambia kwa nini mbuzi akashinda wenzake.

#7 MfugajiDole
Kweli, hilo siwezi kulikataa. Lakini ng'ombe hukata majani kwa ulimi, huyazungusha akayavuta. Mbuzi hutumia midomo na meno, hukwangua hata ganda la mti. Ukimfunga kwenye mwembe mchanga asubuhi, jioni mti umebaki mweupe. Kukwangua huko ndiko kukuna.

#8 BahariaMstaafu
Salaam kwenu. Nataka kuongeza nililoliona kwa macho yangu. Nimefanya kazi melini miaka mingi, na safari moja tulikwama Bangkok kwa matengenezo. Sokoni nikaona mwanamke kakaa juu ya kibao, mbele chuma chenye meno, anakuna nazi kama shangazi yangu wa Makunduchi. Nilisimama hapo mpaka wenzangu wakanivuta. Nikauliza kinaitwaje. Wakasema *krathai*. Na *krathai* kwa lugha yao ni sungura!

Vyengine vimechongwa kabisa sura ya sungura, na masikio. Wanasema ni kwa ajili ya meno yaliyochomoza. Pale Kerala, India, kifaa ni hicho hicho cha kukalia, wao wanakiita *chirava*. Kwa hiyo watu wa mbali na sisi kabisa walikitazama kifaa kile kile, na wao pia wakaona mnyama mwenye meno. Mimi nasimama na upande wa meno.

#9 BibiKikwajuni
Sungura! Mjukuu wangu kapiga makofi niliposoma hapo. Ahsante sana baharia.

#10 Yakhe_Wete
Sasa huyo mtoto ataanza kudai masikio.

#11 UmmuZuwena
Kwetu Mkoani bibi alikuwa na kitendawili chake: "Mbuzi wangu hali majani, hula nyama nyeupe." Tukijibu haraka anatupa chicha tutafune. Na alikuwa na hadithi ya bakhili mmoja aliyewaalika wageni akawaahidi mchuzi wa mbuzi. Wakaletewa mchuzi wa mboga uliojaa tui zito. Walipouliza nyama iko wapi, akawaambia mbuzi kafanya kazi tangu asubuhi, mnamla huyo. Bibi alikula kiapo kwamba jina limeanzia hapo.

#12 MaalimKiembe
Hadithi tamu, UmmuZuwena, lakini mara nyingi hadithi kama hizo huzaliwa baada ya jina, si kabla. Niwaelekeze kwenye sarufi. Mbuzi mnyama *amekufa*, mbuzi ya nazi *imevunjika*. Mnyama ni mbuzi *wa* Yakhe, kifaa ni mbuzi *ya* Bibi. Lugha yenyewe imekwisha kuvitenga viwili hivi, ndiyo maana bibi alikaa miaka arubaini bila kumuona mnyama ndani ya neno. Mtoto amemuona kwa sababu upatanisho haujamkaa vizuri bado.

Na si mbuzi peke yake. Tazameni *simu*. Asili yake Kiajemi, *sim*, yaani waya, na fedha pia, ile madini. Waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, zama za Sayyid Barghash, na watu wakasema "kupiga simu", kupiga waya. Alexander Graham Bell alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya telefoni Marekani mwaka 1876, na chombo chake kilipofika huku kikaingia kwenye jina lililokuwapo tayari. Leo kijana anatembea Forodhani na chombo kisicho na waya hata mmoja, na bado tunakiita waya.

#13 FundiVespa
Maalim umenifungulia mlango. Nyinyi mnagombania mbuzi, mimi kila siku naegemea nyigu. *Vespa* kwa Kitaliani ni nyigu. Kiwanda cha Piaggio kilitoa ya kwanza mwaka 1946, injinia wake Corradino D'Ascanio, mtu wa ndege na helikopta, aliyekuwa hapendi pikipiki. Ndiyo maana mnyororo hauna, injini kaificha ubavuni na mbele kaacha wazi upitishe miguu, hata mwenye kanzu au buibui akae kwa heshima. Enrico Piaggio alipoitazama, nyuma pana, kiuno chembamba, akaona nyigu.

Sikilizeni hili sasa. Mwaka 1948 wakatoa ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, wakaiita *Ape*, yaani nyuki. Wahindi wa Bajaj wakapata leseni ya kutengeneza Vespa kwao miaka ya sitini. Kwa hiyo bajaji mnazopanda leo ukoo wake ni huo wa nyuki na nyigu, ila sisi tumelishika jina la kampuni tukamsahau mdudu.

#14 NahodhaNungwi
Wallahi sikuwa nalijua. Nina Vespa tangu 1988.

#15 FundiVespa
Ilete nikuangalizie kabureta, nahodha. Ya miaka hiyo chuma chake bado chuma.

#16 Kijana_Amani
Na kipanya cha kompyuta je? Huyo Mmarekani Douglas Engelbart na mwenzake Bill English walitengeneza cha kwanza mwaka 1964, kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Waya ulionekana kama mkia, wakakiita panya. Sisi tukatafsiri. Sasa hakina waya, panya amekatwa mkia na jina limebaki. Ni yale yale ya simu aliyosema Maalim #12.

#17 DagaaPemba
Na sisi wavuvi tunalo letu: *karabai*. Tunavua dagaa usiku kwa karabai tangu babu zetu. Nilidhani ni Kiarabu, mpaka mzee mmoja akanambia sivyo. Naomba Maalim athibitishe.

#18 MaalimKiembe
Mzee wako yuko sawa. Linatokana na kabaidi. Zamani palikuwa na taa za jiwe la kabaidi: ukilidondoshea maji linatoa gesi ya asetilini, unaiwasha, mwanga mweupe mkali na harufu kama kitunguu thomu. Thomas Willson aligundua njia ya kulitengeneza kwa wingi kule North Carolina, Marekani, mwaka 1892. Baadaye ikaja taa ya mafuta ya taa ya kupampu yenye soksi, ile ya Max Graetz wa Berlin, mwaka 1910. Jina lake Petromax ni *petroleum*, yaani mafuta ya taa kwa Kijerumani, pamoja na jina lake Max. Kwa hivyo taa mnayoiita karabai haina kabaidi ndani yake hata chembe. Mwanga ulifanana, jina likahama.

#19 DagaaPemba
Na sasa tunatumia taa za sola, lakini nahodha akisema "washeni karabai" hakuna anayeuliza karabai iko wapi. Ile ya mafuta ninayo bado. Sauti yake ile ya kuvuma, bahari imetulia, dagaa wanang'aa chini kama sindano... sola haina sauti.

#20 UmmuZuwena
DagaaPemba umenikumbusha marehemu babu.

#21 BibiKikwajuni
Nami nina la kuchangia. Tukiwa wadogo tulipougua upele, mama alikuwa akinunua unga wa manjano dukani, anauchanganya na mafuta ya nazi, anatupaka. Ukiitwa *kibiriti upele*. Unanuka! Nikawa najiuliza unga huo na kibiriti cha kuwashia jiko wana ujamaa gani.

#22 MaalimKiembe
Ujamaa wa damu, bibi. *Kibrit* kwa Kiarabu ni ule unga wa manjano wenyewe, salfa. Njiti za zamani zilikuwa zinachovywa salfa ili moto ukishawaka upande kwenye mti. Yule mfamasia wa Kiingereza, John Walker, wa mji wa Stockton, aligundua njiti ya kuwasha kwa kukwaruza mwaka 1826, akaanza kuziuza mwaka uliofuata, wala hakuchukua hataza. Mama yako alikuwa akitumia jina kwa maana yake ya asili. Sisi wenye njiti ndio tuliolihamisha.

#23 DarajaniMtupu
Mbona hamjaigusa daladala? Hiyo inajulikana: miaka ya themanini nauli Dar ilikuwa shilingi tano, na shilingi tano ilikuwa dola moja. Makonda wakapiga kelele "dala dala". Mwisho wa maneno. Na Bububu ya huku Unguja, mwisho wa njia ya daladala ya 502, imeitwa hivyo kwa mlio wa treni ya zamani.

#24 MhasibuVuga
#23 mambo mawili umeyachanganya. Kwamba sarafu ya shilingi tano ikiitwa dala, sawa. Lakini miaka ya themanini dola moja haikuwa shilingi tano. Hata mwaka 1966 shilingi yetu mpya ilipotoka, pauni moja ya Kiingereza ilikuwa sawa na shilingi ishirini, na pia sawa na dola mbili na senti themanini, maana yake dola moja ni shilingi saba na kidogo. Piga hesabu mwenyewe.

Rudi nyuma zaidi. Kabla pauni haijashushwa thamani Septemba 1949, pauni moja ilikuwa dola 4.03. Gawa shilingi ishirini kwa hizo: dola moja ni shilingi tano, pungufu ya senti chache tu. Hapo ndipo shilingi tano ilipokuwa dola kweli. Na Waingereza wenyewe mitaani kwao shilingi tano waliiita dola. Kwa hiyo jina la dala ni la babu zetu, makonda wameliokota tu.

#25 DarajaniMtupu
Kwa hiyo asili ni kubadilisha fedha au ni Waingereza?

#26 MhasibuVuga
Zote mbili zina mashiko. Sitakuchagulia.

#27 BahariaMstaafu
Na mimi nitie la tatu. Wazee wetu kabla ya rupia walikuwa wakihesabu kwa riale, ile fedha nzito ya Maria Theresa, ambayo wazungu waliiita dola. Neno lilikuwa bandarini siku nyingi.

#28 MwanaBububu
Naomba kuingia kwa sababu mimi ni mtoto wa Bububu na hili la treni linaniuma. Treni ilianza 1905, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikitoka mjini Ngome Kongwe mpaka Bububu, maili saba hivi. Ni kweli ilipita. Lakini Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliishi Bububu kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866, na kwenye kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 anaiita Bububu, jina hilo hilo. Treni ilikuja miaka zaidi ya thelathini baada ya yeye kuondoka. Vipi ikaipa jina?

Wazee wetu wanasema ni mlio wa maji. Sisi tuna chemchemi. Maji yanachemka ardhini: bu, bu, bu. Ukienda asubuhi na mapema unayasikia.

#29 DarajaniMtupu
Nimeelimika, MwanaBububu. Samahani. Nimesimuliwa la treni tangu skuli ya msingi.

#30 Yakhe_Wete
Treni ilifika ikakuta jina lake linamsubiri. Bahati iliyoje.

#31 MwanaBububu
Na maji hayo ndiyo yaliyokupeni neno *mfereji*. Sayyid Barghash aliyavuta kutoka chemchemi za upande wetu mpaka mjini. Mfereji ni njia ya maji. Mtu wa mjini hakuiona njia, aliona mdomo wake tu ukutani, akauita huo mdomo mfereji. Mpaka leo sisi tunafungua mfereji, wenzetu wa bara wanafungua bomba.

#32 MtotoWaMorogoro
Niliolewa Unguja, siku ya kwanza mama mkwe akaniambia "funga mfereji unamwaga maji". Nilitoka nje kutafuta mtaro! Na sisi kwetu tunasema kibao cha mbuzi, au kibao tu.

#33 MwanaMvita
Tukiwa kwenye majina, Wazanzibari mtuambie: kwa nini mwaita kanga? Jina la kitambaa ni leso. Ni neno la Wareno, *lenço*, kitambaa cha kichwani. Wanawake walikuwa wakinunua leso za mkono zikiwa hazijakatwa kwenye gora, wakikata tatu tatu na kuziunga mbili kwa mbili. Jina la kweli liko kwetu.

#34 UmmuZuwena
Leso ni kile kitambaa kidogo cha kufutia jasho, dada. Kilipounganishwa kikawa kitu chengine, kikapata jina chengine. Zile za mwanzo zilikuwa na madoa meupe kama manyoya ya kanga, yule ndege. Mama zetu walitazama wakasema kanga. Nayo ina pindo, ina mji, ina jina lake, yale maandishi. Leso ina jina?

#35 MaalimKiembe
Wapo pia wanaosema inatoka kwenye kitenzi cha zamani *kukanga*, kufunga kitu kwa kukizungushia. Madoa yanaonekana kwa macho, kitenzi kinaingia akilini. Mimi napendelea ndege.

#36 MwanaMvita
Hizo za maandishi zilianzia kwetu! Mali ya Abdulla, Mombasa, duka la tangu 1887. Hilo mkubali.

#37 UmmuZuwena
Hilo tunakubali, na tunazivaa. Jina tu ndilo hatutoi.

#38 Kijana_Amani
Wakuu, bunduki nayo? Nimesikia ni jina la Venice, Waarabu wanauita mji huo Bunduqiyya.

#39 BahariaMstaafu
Nimelisikia hilo nami, Alexandria. Lakini *bunduq* ni kokwa, hazelnati. Kabla ya baruti palikuwa na upinde wa kurushia vidonge vya udongo kama kokwa kuwindia ndege, ukiitwa upinde wa bunduq. Baruti ilipokuja, jina likapanda kwenye mtutu.

#40 MaalimKiembe
Na hiyo kokwa yenyewe Waarabu waliipata kwa Wagiriki, waliyoiita kokwa ya Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi. Ila tusiende mbali, bibi anasubiri mbuzi wake.

#41 Yakhe_Wete
Mbuzi *yake*, Maalim. Ulitufundisha mwenyewe #12.

#42 MaalimKiembe
Umenishika, Yakhe. Ahsante.

#43 BibiKikwajuni
Nimesoma yote, nimefaidi mno. Leo nilimpelekea seremala mbuzi yangu, meno yamekwisha. Chuma kipya anakitoa kwenye springi ya gari, anakipiga moto, kisha anakata meno moja moja kwa tupa. Nikamuuliza hilo swali letu. Hakuinua kichwa. Akasema wao mafundi wana majina ya kila kipande: hapa panapokaliwa ni mgongo, huu mti unaotangulia ni shingo, chuma ni ulimi.

Ulimi, si meno! Nikamuuliza mbona ulimi. Akasema, "Bibi, mbuzi akilamba chumvi mkononi mwako hujaona ulimi wake ulivyo mkavu? Unakwaruza."

#44 MfugajiDole
Subirini. Nakwenda bandani na chumvi sasa hivi.

#45 NahodhaNungwi
Mgongo, shingo, ulimi. Si nilisema umbo tangu #2?

#46 Yakhe_Wete
Muulizeni huyo fundi mkia uko wapi. Mtoto aliuliza mkia tangu mwanzo na hakuna aliyemjibu.